Kati ya Punch na Bunch: pengo la miaka 22 katika nasaba ya Obama

Kiswahili kina majina ya kumtosha mtu anayehesabu uzao wake kwenda chini: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Wapo wanaoongeza kinying'inya, halafu wanabishana kipi kinatangulia. Baada ya hapo lugha inanyamaza, wala si ajabu. Nani aliwahi kumpakata mjukuu wa kitukuu chake? Sasa jaribu kutaja undugu wa Barack Obama na mtu mmoja aliyehukumiwa Virginia mwaka 1640. Kati yao kuna hatua 13 za uzazi. Maneno yanatuishia kabla hatujafika nusu ya njia.

Mtu huyo aliitwa John Punch. Mwishoni mwa Julai 2012 watafiti wa kampuni ya nasaba ya Ancestry walitangaza kwamba ndiye babu wa kale wa Obama. Kilichowashtua wengi ni upande aliotokea. Hakutoka upande wa baba, Mjaluo wa Kogelo, ambako kila mtu angetazamia Mwafrika. Alitoka upande wa mama, Ann Dunham, mwanamke mweupe mzaliwa wa Kansas. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakisema, wengine kwa sifa na wengine kwa kijembe, kwamba rais wa kwanza mweusi wa Marekani hana uhusiano wowote na utumwa wa Marekani, kwa sababu baba yake alikwenda huko kwa ndege kusoma. Ghafla ikasemwa kwamba ni mzao wa Mwafrika wa kwanza anayejulikana kuhukumiwa utumishi wa maisha katika makoloni ya Kiingereza, na kwamba damu hiyo imepita kwa bibi yake mzaa mama, Madelyn Payne.

Habari tamu namna hiyo haikosi kuongezewa chumvi. Vichwa vya habari vilikata maneno ya watafiti, "inaelekea" ikaanguka njiani, na watu wakabaki na "Obama ni mjukuu wa mtumwa wa kwanza". Hadi leo nakutana na watu wanaolisema hilo kama jambo lililofungwa. Halijafungwa. Sina haja ya kulibeza, maana kazi iliyofanyika ni nzuri kweli. Nataka tuushike mnyororo pete kwa pete, tuone ni ipi iliyofungwa kwa chuma na ipi iliyofungwa kwa uzi.

Tuanze na hukumu yenyewe. Mwaka 1640 Virginia ilikuwa koloni la Waingereza lenye umri wa miaka 33, likiishi kwa tumbaku. Kazi ya shamba ilifanywa hasa na watumishi wa mkataba: maskini wa Ulaya waliolipiwa nauli ya meli, nao wakaahidi kumtumikia aliyewalipia kwa miaka kadhaa. Waafrika walikuwepo lakini wachache. Andiko moja la mwaka 1649 liliwakadiria kuwa 300 hivi kati ya Waingereza wapatao 15,000. Uweke moyoni uchache huo, tutauhitaji.

Hugh Gwyn, mwenye mashamba na mjumbe wa bunge la koloni, alikimbiwa na watumishi watatu, wakavuka hadi koloni jirani la Maryland. Kwanza aliomba ruhusa ya kuwauza hukohuko. Baraza la koloni likakataa, likaona huo ungekuwa mfano mbaya kwa wengine, likaagiza warudishwe. Mwezi Julai wakasimamishwa mbele ya Baraza lile lile, safari hii likikaa kama mahakama kuu pale Jamestown. Hukumu ni fupi, inasomeka kwa dakika moja. Wote watatu wachapwe, kila mmoja viboko 30. Wa kwanza aliitwa Victor, Mholanzi. Wa pili James Gregory, Mskoti. Hao wawili wamalize mikataba yao, waongezewe mwaka mmoja kwa bwana wao, kisha waitumikie koloni miaka mitatu. Wa tatu, kwa kuwa ni mweusi aitwaye John Punch, amtumikie bwana wake huyo au atakayemkabidhi, muda wote wa uhai wake, hapa au kwingineko.

Isome tena polepole. Kosa ni moja, usiku wa kutoroka ni mmoja, viboko ni vilevile. Wawili wametambulishwa kwa nchi zao, wa tatu kwa rangi yake, na kwa rangi hiyo miaka minne ikageuka kuwa maisha. Wanahistoria wameirudia sana hukumu hii, maana ni ushahidi wa mapema kabisa kwamba mahakama ya Virginia iliwatenganisha Mzungu na Mwafrika waliotenda kosa lile lile.

Kuna mambo mawili ndani yake ambayo mtafuta nasaba lazima ayachukue. La kwanza, kama Punch angekuwa tayari ni mtumwa wa maisha, adhabu ya kumwongezea maisha ingekuwa kichekesho. Kwa hiyo kabla ya Julai 1640 alikuwa mtumishi mwenye mwisho wa mkataba, kama wenzake. La pili, hukumu inamfunga yeye. Haitaji mtoto, wala haisemi watakaozaliwa naye watakuwa nani.

Baada ya sentensi hiyo Punch anapotea. Umri wake hauandikwi, wala meli iliyomleta, wala mke, mtoto au kaburi. Maisha mazima ya mtu yamebaki katika mstari mmoja wa karani. Na hata mstari huo umeponea chupuchupu: vitabu vya mahakama kuu ya koloni viliteketea mjini Richmond, Virginia, mwezi Aprili 1865, mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kusini lilipokimbia mji na moto wa maghala ukasambaa. Tunachosoma leo ni nakala na dondoo zilizochukuliwa kabla ya moto. Nani anajua ukurasa uliofuata ulikuwa na nini.

Sasa vuka hadi ng'ambo ya pengo. Mwaka 1662 mtu aitwaye John Bunch anaandikiwa hati ya ekari 450 katika kaunti ya New Kent. Kutoka kwake kuja chini, nyayo zinaonekana: John Bunch wa pili, wa tatu, watoto wao, tawi moja linakwenda North na South Carolina, jingine linabaki Virginia kwa muda kisha linasogea magharibi na wasogeao. Tawi la mwisho hilo ndilo linalofika kwa Madelyn Payne. Si kila pete ya hapo katikati ina hati yake safi, maana New Kent ni kaunti iliyopigwa na mikosi. Mwaka 1787 mtu mmoja, John Price Posey, alichoma jela na ofisi ya karani wa kaunti, naye akanyongwa kwa kosa hilo. Kilichosalia kilipelekwa Richmond kihifadhiwe salama wakati wa vita, kikaungua kulekule mwaka 1865. Wamarekani wanaotafuta koo zao wana jina la kaunti kama hizo, wanaziita kaunti zilizoungua, na wanapolitaja utaona wametikisa kichwa kama mtu anayetaja marehemu.

Hivyo tuna John Punch wa 1640, na tuna John Bunch wa 1662. Kati yao miaka 22, bila karatasi hata moja inayosema huyu ni mwana wa yule. Pete yenyewe ni hiyo. Nyingine zote ni mazungumzo ya kawaida ya kazi ya nasaba. Hii ndiyo inayobeba habari nzima.

Watafiti waliivukaje? Walianza na vinasaba, na hapa watu wengi huelewa vibaya, kwa hiyo nitakawia kidogo. Si Obama aliyepimwa, na hata angepimwa asingeweza kusaidia. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, ikipokezwa karibu bila kubadilika, karne kwa karne. Ya Obama imetoka kwa baba yake, naye kwa Hussein Onyango, naye kwa wazee wa Kijaluo. Haina habari yoyote ya Virginia. Kwa Bunch wa 1662 Obama anafika kwa njia inayopita kwa wanawake, na mwanamke hana Y ya kupokeza. Na ile DNA nyingine iliyochanganyika, inayotoka pande zote? Katika kizazi cha 13 kila mtu ana nafasi 8,192 za mababu na mabibi. Babu mmoja wa huko, kwa wastani, angeacha sehemu moja kati ya 8,192, yaani kama asilimia 0.012, na wengi wa masafa hayo hawaachi chochote kabisa. Ni sawa na kutafuta chumvi ya kijiko kimoja kwenye tangi la maji la mtaa.

Kilichofanyika ni kuwatafuta wanaume walio hai wanaoitwa Bunch, ambao mlolongo wao wa baba kwa baba unarudi kwa yule wa 1662, na kupima Y zao. Majibu yakawa kundi liitwalo E1b1a. Baadhi ya wanaume hao wanatoka katika familia zilizohesabiwa za Wazungu kwa vizazi na vizazi, lakini Y yao ni ya Afrika kusini mwa Sahara. Hapo hakuna ubishi tena: baba wa kale wa ukoo wa Bunch alikuwa Mwafrika.

Mtu anaweza kuuliza: na kama Mwafrika huyo aliingia baadaye, tuseme mwaka 1750, kwa mtoto wa nje aliyefichwa? Swali zuri. Jibu ni kwamba kuingia kwa namna hiyo kungegusa tawi moja tu. Matawi yaliyoachana mapema yakikutwa na Y ya aina moja, chanzo lazima kiwe juu ya pale yalipoachana. Isitoshe kuna ushahidi wa karatasi, nao ni mtamu.

Mwaka 1705, John Bunch ambaye watafiti humhesabu kuwa wa tatu alitaka kumwoa Sarah Slayden, mwanamke mweupe. Mchungaji akakataa kutangaza ndoa, kwa sababu bwana harusi ni chotara na sheria ya 1691 ilikataza Mzungu kuoana na mweusi au chotara. Wachumba wakapeleka ombi Baraza la koloni, ombi likatua kwa mwanasheria mkuu, na mwanasheria mkuu akakuna kichwa. Alichouliza, kwa maneno yetu: mtoto wa mwanamume chotara na mwanamke mweupe, naye tumwite chotara? Yeye alidhani jina hilo ni la mtoto wa mweusi na Mzungu moja kwa moja, basi. Ona jinsi ilivyokuwa: koloni lilishatunga adhabu, lakini halijaamua nani anahusika nayo. Oktoba mwaka huohuo bunge likatoa tafsiri: chotara ni mtoto wa Mhindi Mwekundu, na mtoto, mjukuu au kitukuu wa mweusi.

Likaishia kwenye kitukuu. Chukua sasa nasaba inayopendekezwa, hesabu kwa vidole: Punch, mwanawe Bunch wa kwanza, mjukuu Bunch wa pili, kitukuu Bunch wa tatu. Bwana harusi wa 1705 alisimama kwenye kizingiti chenyewe. Watoto ambao angewazaa na mwanamke mweupe wangekuwa vilembwe vya Punch, na kilembwe, kwa sheria ya Virginia, alikuwa mweupe. Mlango ambao ukoo huu uliutumia kutoka upande mmoja wa rangi kwenda mwingine uko pale, umeandikwa kwenye kitabu cha sheria. Sijui kama mtunga sheria yeyote alilifikiria ombi la Bunch aliponyoosha mkono, lakini kila nikiisoma naona kama sheria imepimwa kwa mwili wake.

Basi pete hiyo ni ya chuma: ukoo wa Bunch una asili ya Afrika, na watu wa New Kent wa 1705 walilijua hilo. Lakini angalia kwamba bado hatujalitaja jina la Punch. Y ina uwezo wa kusema "Mwafrika". Haina uwezo wa kusema "yule Mwafrika". Ili vinasaba vimtaje Punch kwa jina, ingebidi tuwe na mzao mwingine wa Punch anayejulikana kwa hati, tumlinganishe na akina Bunch. Hayupo. Kaburi pia halipo. Hata nchi aliyotoka haisaidii, kwa sababu E1b1a imetapakaa Afrika Magharibi na kwa Wabantu wote hadi huku kwetu. Wasomaji wangu wengi wa kiume wanayo wao wenyewe wakiwa wamekaa Morogoro au Lubumbashi. Waafrika wengi wa mwanzo Virginia walikuwa mateka wa Angola, waliopakiwa Luanda kwenye meli za Wareno na kuporwa baharini na maharamia wa Kiingereza. Wale "ishirini na ushei" wa Agosti 1619 walifika hivyo. Punch angeweza kuwa João, msemaji wa Kimbundu wa Angola, aliyebatizwa Kikatoliki kabla hajageuzwa John. Ni dhana inayofaa kuwekwa pembeni ya ukurasa kwa penseli.

Jina Punch limefungwa kwa Bunch kwa hoja nyingine, hoja ya kukosekana kwa mbadala. Waafrika walikuwa wachache mno. Katika karatasi zilizobaki za Virginia ya miaka hiyo, Mwafrika mwenye jina linalokaribia Bunch ni mmoja tu, naye ni John, kama John. Mahali panakaribiana pia: New Kent ilikatwa kutoka kaunti ya York mwaka 1654, na upande wa York ndiko Gwyn alikokuwa na shughuli zake. Na herufi P na B, mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya karani anajua hadithi yake. Sisi wenyewe tuna watu ambao cheti cha shule kinawaita Athumani na pasi ya kusafiria Othman. Ramadhani akivuka Ziwa Tanganyika anarudi Ramazani. Karani Mwingereza wa karne ya 17, ambaye hata jina lake mwenyewe aliliandika kwa namna tatu, hakushindwa kuandika Bunch aliposikia Punch.

Mpaka hapo nakubali. Lakini kuna njia ya pili ambayo siioni ikizungumzwa vya kutosha nje ya duara la wataalamu, na ndiyo inayoniweka macho. Bunch ni jina la Kiingereza lililokuwepo Uingereza kabla ya Virginia. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alizoea kuchukua jina la mama. Tuseme mwanamke mtumishi aitwaye Bunch alizaa na Mwafrika yeyote, ambaye karani hakumwandika popote, tuseme Antonio au Pedro. Mtoto angeitwa John Bunch, angekuwa na Y ya Afrika, angekuwa huru, na mjukuu wake angekataliwa ndoa mwaka 1705. Ushahidi wote tulioutaja ungekaa palepale, isipokuwa babu angekuwa mwingine. Uchache wa Waafrika unaipunguza nguvu njia hii, hauiui. Tukumbuke pia kwamba tunahesabu walioandikwa katika vitabu vilivyoponea moto mara mbili.

Mama, kwa vyovyote, ndiye ufunguo uliopotea. Vipi mwana wa mtu aliyehukumiwa maisha anaibuka na ekari 450? Ni kwa mama. Desemba 1662 Virginia ilitunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama, mama huru mtoto huru, mama mtumwa mtoto mtumwa. Kabla ya hapo jambo lilikuwa halijaamuliwa. Mtafiti Paul Heinegg, aliyetumia miaka mingi kufuatilia familia za watu weusi huru wa Virginia na Carolina, aligundua kwamba sehemu kubwa yao zilitokana na wanawake weupe, watumishi au huru, waliozaa na wanaume wa Kiafrika. Akina Bunch wanaingia vizuri kwenye picha hiyo. Mwanamke huyo ndiye aliyewapa uzao wote uhuru, na hana jina. Kwenye vyombo vya habari hakutajwa kabisa. Watu walitaka mtumwa na rais.

Hesabu ya umri nayo ina la kusema. Mwenye hati ya ardhi kwa kawaida alikuwa ametimiza miaka 21, hivyo Bunch wa 1662 alizaliwa si baada ya 1641 au hapo karibu. Akiwa mwana wa Punch, basi mimba yake iko karibu na hukumu, au kabla yake. Inawezekana kabisa kwamba John Punch alipokimbilia Maryland aliacha mtoto nyuma. Au alikimbia kwa ajili yake. Siwezi kuendelea, hapo nimeshatoka kwenye nasaba nimeingia kwenye riwaya.

Kuhusu ekari zenyewe, zilinisumbua mwanzoni. 450 ni nyingi kwa kijana aliyetoka kwenye umaskini. Utaratibu wa Virginia ulikuwa ekari 50 kwa kila mtu aliyelipiwa nauli kuletwa kolonini, kwa hiyo hizo ni haki za vichwa tisa, ingawa haki hizo ziliuzwa na kununuliwa kama bidhaa na hazimaanishi lazima alileta watu tisa. Kilichonituliza ni Anthony Johnson. Huyu aliletwa Virginia mwaka 1621, ameandikwa "Antonio" tu na rangi yake. Kufikia 1651 alikuwa mtu huru mwenye ekari 250 na watumishi. Mwaka 1677 mjukuu wake alinunua shamba Maryland akaliita Angola. Kwa hiyo katikati ya karne ile mlango ulikuwa bado haujafungwa wote, na mwana wa Mwafrika kumiliki ardhi si ajabu ya kutilia shaka hati.

Ripoti ya 2012 ilipitiwa na Elizabeth Shown Mills, mmoja wa wanasaba wanaoheshimiwa zaidi Marekani, aliyewahi kuongoza bodi inayothibitisha wanataaluma hao. Hukumu yake ilikuwa ya mtu anayepima maneno: asili ya Kiafrika ya akina Bunch haina ubishi, karatasi zilizosalia zinaelekeza kwa Punch peke yake kama anayefaa, na kwa watu wa zamani hivyo, utafiti hauwezi kamwe kuthibitisha kwa uhakika wa mwisho kwamba huyu ndiye aliyemzaa yule. Alisema matokeo yanaweza kutolewa kwa kujiamini. Ninakubaliana naye karibu yote. Ninapoachana naye kidogo ni kwenye lile neno "peke yake", kwa sababu ya yule mama wa jina la Bunch ambaye huenda hakuwahi kuwepo.

Kwa anayetaka kuifuata mwenyewe, kinachoweza kusogeza suala hili ni vitu viwili. Vitabu vya mahakama ya York vimesalia tangu miaka ya 1630, na mara kwa mara mtu hukuta ndani yake jina ambalo waliotangulia walilisoma vibaya. Mwandiko wa wakati ule unahitaji jicho lililozoea. Kingine ni vipimo vya kina vya Y, vinavyoigawa E1b1a katika vijitawi vidogo. Wanaume wa Angola, Kongo na Kameruni wakipimwa kwa wingi zaidi, kijitawi cha akina Bunch kinaweza kupata majirani, na pengine tujue walau ukanda aliotoka baba yao. Jina lake halitatoka huko.

Kuna jambo dogo la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Ralph Bunche, mwanadiplomasia wa Marekani na mshindi wa Nobeli ya Amani ya 1950, amehusishwa na akina Bunch wa Carolina. Uhusiano huo nao ni wa "huenda". Mwaka 1937 Bunche alikuwa London akijiandaa kuja Afrika kwa utafiti, akajifunza Kiswahili kwa mwalimu aitwaye Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata alifika Kenya. Kama nyuzi zote mbili ni za kweli, basi mzao mmoja wa Mwafrika wa New Kent aliketi akifundishwa lugha yetu na rais wa baadaye wa Kenya, miaka zaidi ya 20 kabla ya mzao mwingine, Ann Dunham, kukutana na mwanafunzi kutoka Kogelo.

Nimechora mti huu kwenye karatasi kubwa, kwa sababu kwenye simu haukai. Kutoka kwa Obama kupanda hadi bibi yake Madelyn nimetumia kalamu ya wino. Kupanda zaidi hadi akina Bunch wa New Kent ni wino pia, isipokuwa sehemu mbili tatu ambazo nimezipigia alama ya kuuliza. Kutoka John Bunch wa 1662 kwenda juu nimechora mistari miwili ya nukta nukta. Mmoja unakwenda kwa Mwafrika, na jina Punch liko hapo kwa penseli, limekolezwa. Mwingine unakwenda kwa mwanamke, na kisanduku chake nimekiacha kitupu, kikubwa kuliko vingine.